Vidonge vya Predinisoloni na Saumu

Kila Ramadhani inapokaribia, swali hili hutufikia, na aghalabu huletwa na akina mama: mgonjwa anayemeza predinisoloni kwa ajili ya pumu au baridi yabisi, je, aviache vidonge apate kufunga?

Jawabu letu ni kwamba asiviache kwa ghafla. Juu ya figo zetu pana tezi mbili ndogo zitengenezazo homoni iitwayo kotisoli, nayo humwezesha mtu kustahimili maradhi na mashaka. Mgonjwa akiimeza dawa hii kwa zaidi ya majuma matatu hivi, tezi zile hulala, kwani kazi yao hufanywa na kidonge. Kidonge kikikatwa leo, tezi haziamki leo. Mwili hulegea, mtu hutapika, shinikizo la damu hushuka, na huenda akafa. Ndiyo sababu tabibu huipunguza dozi kidogo kidogo, pengine kwa miezi.

Aliyeandikiwa dozi moja kwa siku kwa kawaida huambiwa aimeze asubuhi pamoja na chakula. Ikimezwa usiku huondoa usingizi. Basi wakati wa daku waweza kumfaa, lakini na amwulize tabibu kwanza, tena daku hiyo iwe chakula, si funda la chai. Mwenye kisukari jambo lake ni zito zaidi, maana dawa hii hupandisha sukari. Na ambaye tabibu amemkataza kufunga, ruhusa yake imo katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185: atalipa siku nyingine, au atatoa fidia ikiwa ugonjwa hautarajiwi kupona. Sisi hatuoni fadhila yoyote katika kuikataa ruhusa hiyo.

Dawa hii hujaza uso na kuzidisha hamu ya kula. Wako watakaosifu kwamba fulani kanenepa, kapendeza, naye mwenyewe anavificha vidonge kwa haya. Mama, usimfiche mkunga, wala daktari wa meno, wala muuza dawa unapotaka diklofenaki ya mgongo, kwani dawa hizo mbili zikikutana huleta vidonda vya tumbo. Na ukishikwa na homa, au ukitapika kidonge, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje adhana ya Magharibi.