Saini Kubwa Kuliko Shairi

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nasema, na atakayenuna anune. Uandishi wetu wa hapa Bariadi, Maswa, Itilima, Busega na Meatu umeingiliwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe hauko kwenye vina wala mizani. Uko chini ya shairi, pale mwandishi anapoweka saini.

Zamani saini ilikuwa jina na sanduku la posta, basi. Siku hizi ni bango. Mtu anatunga beti tatu, chini yake anabandika picha yake kavaa miwani ya jua, pembeni kalamu inayovuja wino, juu tai kakunjua mabawa. Halafu jina kwa herufi zenye vivuli. Halafu vyeo: Malenga wa Kanda ya Ziwa, Simba wa Vina, Profesa wa Tungo. Halafu namba mbili za simu na methali ya kufungia. Pima kwa rula uone: beti sentimita 6, saini sentimita 14. Akikutumia kwa simu ndiyo balaa, maana bando lako linaliwa na tai kabla hujauona ubeti wa kwanza.

Najua jibu. "Mshikaji, acha wivu, kila mtu na staili yake." Sawa, ingekuwa hivyo kama karatasi ni ya bure. Niliwahi kusaidia kupanga kurasa za kijitabu cha vijana, kilichochapwa stesheneri moja ya mjini hapa. Michango yetu ilitosha kurasa 24. Tulipoweka kila mtu na picha yake na vyeo vyake, na juu ya hapo picha ya mfadhili ukurasa mzima, kurasa 7 zikawa sura za watu. Ikabidi kitu kitoke. Nikasema zipunguzwe picha. Wapi! Kila mmoja alishika yake kama hati ya kiwanja. Ikatolewa hadithi ya binti mmoja wa Meatu, kurasa 5, iliyoeleza msimu ambao mama yake aliuza pamba, malipo yakachelewa mpaka shule zikafunguliwa. Yule binti hakuleta picha. Alileta hadithi tu, na ndiyo iliyomponza. Siku ile nilisema, na leo naandika: huo ni wizi wa nafasi.

Sisi ni watu wa pamba. Mkoa huu wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ukitajwa popote nchini watu wanataja pamba. Basi tusemezane kipamba. Kila mkulima anawajua wale wanaotia mchanga au kunyunyiza maji ili mzani ulale. Pale kwenye mzani anaonekana mjanja. Kiwandani mchanga unaumiza mashine, pamba inashuka daraja, na anayeaibika si yeye peke yake. Anaaibika hata jirani aliyeleta pamba nyeupe, maana wanunuzi wanasema, "Pamba ya kule chafu." Saini ya bango ni mchanga huohuo. Msomaji akishadanganywa na mabawa ya tai mara mbili, mara ya tatu akisikia kuna kijitabu kipya cha vijana wa Bariadi anapita zake. Atakayekosa msomaji ni mimi na wewe, pamoja na yule aliyetunga vizuri.

Tuwaangalie waliotutangulia. Mwana Kupona wa Pate alitunga utenzi wake mwaka 1858, na mwishoni, ndani ya beti zenyewe, akaweka mwaka na hesabu ya beti. Hiyo ilikuwa saini yenye kazi: anayenakili ahesabu, asiongeze wala asipunguze. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840 bila kuona diwani yake. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu, baadaye Mwalimu Sikujua na Mwingereza Taylor wakayakusanya, na Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940. Miaka 100! Hapakuwa na picha ya Muyaka, palikuwa na tungo zisizosahaulika.

Karibu zaidi na sisi, hapo ng'ambo ya ziwa Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla hajafariki. Miaka 35 mtu anatunza kazi. Wewe shairi lako la jana usiku tayari lina tai.

Hata kanga inatufundisha. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zina maandishi madogo: K.H.E. - Mali ya Abdulla. Katikati wameacha pambo na jina la kanga, yaani ule usemi unaomnunulisha mama. Alama ni ndogo, na bado mama akiingia dukani anaitafuta hiyohiyo. Kilichoikuza ni kitambaa.

Wapo wanaosema mtindo huu tumeurithi kwenye salamu za redio. Ni kweli, enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam watu walituma kadi za salamu wakijiita majina marefu kama treni ya mizigo. Lakini kwenye kadi ile jina ndilo lilikuwa habari yenyewe. Jamaa wa Maswa alitaka ndugu yake wa Tabora ajue yu hai na anamkumbuka. Shairi si kadi ya salamu. Msomaji anataka kujua umeona nini, si kwamba upo.

Na wapo watakaonishika pabaya: "Sisi Wasukuma tunajigamba tangu mababu, kwani hujui Bagika na Bagalu?" Nawajua. Wafuasi wa Ngika na wafuasi wa Gumha, mavuno yakiisha, wanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Manju anajisifu, tena sana. Lakini majigambo yake yamo ndani ya wimbo: yamepangwa, yana fumbo, yanamchoma mpinzani. Akijisifu ovyo watu wanahamia upande wa pili palepale, anabaki na vumbi lake. Na yule Ng'wana Malundi anayesimuliwa Usukumani kote mpaka leo, anaitwa Ng'wana Malundi tu. Hakuna Simba wala Profesa hapo.

Najua pia kinachotusukuma. Tuko mbali na wachapishaji wa Dar, tunaogopa kufa bila kujulikana. Njaa hiyo hata mimi ninayo. Lakini picha haiishibishi. Mtu akikumbuka miwani yako akasahau mistari yako, amekumbuka miwani.

Kwa hiyo napendekeza sheria, tuibandike mlangoni mwa kila kundi la waandishi mkoani. Kwanza, saini iwe jina, mahali na mwaka, mstari mmoja, herufi zisizidi zile za kazi yenyewe. Pili, anayetaka picha iwekwe ukurasa wa mwisho, ukubwa wa pasipoti, na wenye picha waulipie ukurasa huo wenyewe. Tatu, cheo hujipi. Subiri wasomaji wakupe. Nne, mhariri awe na rula na asimwogope mtu, aanze na mfadhili. Mfadhili wa kweli atafurahi kuona pesa yake imenunua hadithi moja zaidi. Asiyefurahi alikuwa ananunua ukuta wa kubandikia sura yake.

Naomba kutoa hoja. Atakayepinga aje na kalamu, picha aiache nyumbani.