Wewe Ndiye Biskuti

Nasema mapema ili mtu asije akadai hakuambiwa: kijana anayeoka biskuti za chokoleti jikoni kwao anaijua biashara ya fedha za kigeni kuliko yule aliyelipia semina ya foreksi. Cheka kwanza. Ukimaliza, soma.

Siku hizi mafunzo haya mawili yanatangazwa bega kwa bega, na yanamlenga mtu yuleyule: kijana asiye na ajira. Tangazo moja linasema, jifunze kuoka, ujiajiri ukiwa nyumbani. La pili linasema, jifunze foreksi, uwe huru kifedha ukiwa kitandani. La kwanza linawafuata zaidi kina dada, la pili kina kaka. Na pale kijiweni anayeoka anaitwa "mama vitumbua", anayebofya simu anaitwa "mwekezaji". Hapo ndipo ninapokamatana na nyie.

Tuanze na huyo mwekezaji. Ana dola 50. Zimetoka wapi tusiulize. Mara nyingi ni ada ya chuo, au hela ya kikoba cha mama. Kwa dola 50 soko halimsikii, basi dalali wake anamwambia: usijali, nitakubeba mara 500. Sasa 50 yake inashika mzigo wa dola 25,000, na kijana anajiona bwana. Lakini hesabu yake ni hii, wala haihitaji semina: bei ikienda kinyume naye kwa asilimia 0.2 tu, yaani euro aliyoinunua ikishuka kutoka dola 1.1000 hadi 1.0978, dola 50 zote zimekwenda. Mtikisiko wa kiasi hicho ni jambo la kawaida, unaweza kutokea kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Halafu kuna pengo kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Pengo likiwa pipu 2, kwenye mzigo ule anaanza safari akiwa chini kwa dola 4 na nusu hivi. Hajapumua, karibu sehemu ya kumi ya mtaji imeshaliwa. Cha mlevi huliwa na mgema.

Mtasema natia chumvi. Haya, mwaka 2018 mamlaka ya Umoja wa Ulaya inayosimamia masoko hayo, ESMA, ilieleza kwamba katika kila akaunti 100 za watu binafsi wanaocheza mikataba ya namna hii, kati ya 74 na 89 hupata hasara. Ikaamuru dalali asimbebe mtu binafsi zaidi ya mara 30 kwenye fedha kubwa. Thelathini! Huko wenye mishahara na akiba wanafungwa breki kwenye 30, huku mwenzetu asiye na kazi anapewa 500 kama zawadi ya sikukuu. Kenya nayo ilitunga kanuni mwaka 2017, na dalali anatakiwa awe na leseni. Vizuri sana. Lakini leseni inamzuia dalali asikuibie. Haikuzuii wewe kupoteza kihalali.

Sasa swali la kitoto. Kama mwalimu wa foreksi anajua njia ya kugeuza dola 50 kuwa 5,000, anatafuta nini kwenye kiingilio chako? Wengi wao wana mifereji mitatu. Wa kwanza ni ada ya semina. Wa pili ni malipo ya kila mwezi ya kundi la simu, anakokutumia "ishara" za kununua na kuuza. Wa tatu ndio mnene: kamisheni kutoka kwa dalali kwa kila mwanafunzi aliyemleta, na mara nyingi kwa kila biashara mwanafunzi huyo anayofungua, ashinde ashindwe. Mwokaji anauza biskuti. Huyu bwana anauza nini? Anakuuza wewe. Amekukanda kwa maneno, amekukata kwa kikombe, amekupanga kwenye trei pamoja na wenzako, na dalali anawasubiri mezani. Katika biashara hiyo mwokaji ni mwingine. Wewe ndiye biskuti.

Ukimbana sana atakutajia Soros. Ni kweli, tarehe 16 Septemba 1992 Uingereza ilishindwa kuilinda paundi yake, ikajitoa kwenye mfumo wa viwango vya fedha wa Ulaya, na mfuko wa George Soros ukavuna kama dola bilioni 1. Asichokuambia ni kwamba Soros aliingia na dau la kama dola bilioni 10, siyo 50 za kikoba. Wala hatakutajia tarehe 15 Januari 2015, siku benki kuu ya Uswisi ilipoacha ghafla kuizuia faranga isipande kupita 1.20 kwa euro. Ndani ya dakika chache wateja walikuwa wanadaiwa fedha wasizokuwa nazo. Tawi la Uingereza la dalali Alpari likatangaza limefilisika, na FXCM ya Marekani ikaokolewa kwa mkopo wa dola milioni 300. Hao ndio waliokuwa wanashika mwavuli, na mvua iliwalowesha. Wewe unayeshika simu je?

Haya, twende jikoni. Unga wa ngano gramu 250, siagi 150, sukari 150, yai moja, beking pauda kijiko kidogo, chokoleti gramu 100 iliyokatwakatwa. Piga siagi na sukari, tia yai, tia unga, malizia na chokoleti. Kama huna oveni, chukua sufuria kubwa, weka mchanga chini, moto mdogo chini na mkaa juu ya mfuniko, kama bibi zetu walivyooka keki. Dakika 10 hadi 12. Ipua ukingo ukiwa umekaza na katikati bado laini. Hapo umepata biskuti kama 24. Mbili zikiungua, unaziona zimeungua. Hakuna mtu atakayekutumia ujumbe usiku kwamba trei nzima imetoweka.

Na hapo ndipo dola inapoingia, bila semina. Ngano ya Tanzania sehemu kubwa inatoka nje, inalipiwa kwa dola. Shilingi ikilegea, unga unapanda. Kakao inaota kwetu, Kyela na Morogoro, lakini bei yake inapangwa London na New York. Mwaka 2022 tani moja ilikuwa kama dola 2,500. Desemba 2024 ilipita 12,000, kwa sababu mavuno yaliharibika Ivory Coast na Ghana, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Baadaye ikashuka. Mwokaji aliyeandika gharama zake kwenye daftari mwezi baada ya mwezi aliiona dunia hiyo yote ikipita jikoni kwake. Akapunguza chokoleti, akatia karanga, akabadili ukubwa wa biskuti, akabaki sokoni. Huyo ndiye mchumi. Anajua fedha ya kigeni ni kitu gani, kwa sababu inamgusa mkononi na yeye ana la kufanya.

Najua jibu lenu: biskuti hazimtajirishi mtu. Kweli kabisa. Kuna siku zinadoda, kuna jirani anakopa na halipi, kuna mkaa unaopanda bei. Na wapo wanaouza semina za kuoka kwa uongo uleule wa utajiri wa wiki mbili. Nao nawaweka kapu moja na wale wa foreksi. Lakini hasara ya biskuti ina kikomo na ina sababu. Ukishindwa, umebaki na ufundi, na wadogo zako wamekula.

Mwisho niwageukie nyie mnaosoma jarida hili, wenye kalamu. Matangazo yale ya "uhuru" na "ukombozi wa kifikra" yanaandikwa na nani? Yanaandikwa na wenzetu, vijana wenye Kiswahili kizuri, kwa malipo ya kula siku mbili. Njaa naijua, simhukumu mwenye njaa. Ila neno uhuru lina watu waliolifia, na leo tunalikodisha limwite mtoto wa watu aje kupangwa kwenye trei. Mwandishi akikosa kazi, akaoke. Akiona aibu kuoka, akauze maji. Kalamu asiikodishe.

Na mwalimu yeyote wa foreksi anayeona nimemsingizia, kurasa hizi ziko wazi. Alete hesabu ya akaunti yake ya miezi 12 mfululizo, faida na hasara, bila kukata hata mstari mmoja. Mimi nitaleta biskuti, tutakula tukiisoma.

Naomba kutoa hoja.