Walimwita Wazimu, Akajiita Sane

Wasee, mkiskia mtu ameacha kazi ya ualimu ili achore, mnasema nini? Amechizi, si ndio?

Ndivyo walivyosema kuhusu Walter Njuguna Mbugua, mzaliwa wa Nyathuna, Kiambu, 1954. Miaka ya 80 aliweka chaki chini akashika brashi, na hakuna aliyekuwa amemfunza kuchora. Watu walipomwita mwendawazimu, akabadilisha jina: Sane Wadu. Sane ni Kizungu cha mtu mwenye akili timamu. Hilo ndilo jibu!

Gallery Watatu, pale tao, ikaonyesha kazi zake: wanyama, watu wa kijijini, umati, dini, siasa. Mwaka wa 2022, NCAI, taasisi ya sanaa iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, ikamfanyia maonyesho hapa Nairobi.

Sasa, mimi niliacha chuo, na kuna wasee hunitumia hadithi za aina hii kama ruhusa: "Ona, masomo si lazima." Zii. Sane aliacha kazi ya ualimu, lakini kufundisha hakuacha. Mwaka wa 1995 alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha wasanii wa Ngecha. Huko Naivasha, yeye na mkewe Eunice, mchoraji pia, wamefunza watoto sanaa.

Kuacha ni rahisi, hata mimi niliweza. Ukitaka kujilinganisha na Sane, niambie kwanza: nani anajifunza kitu kwako?