Msumari Usio na Bajeti

Kila lori la mabati linapoingia mji wetu wa Baraka, mabishano ni yale yale: kandarasi ya kujenga apewe nani? Wengine wanasema mtoto wa nyumbani kwanza. Wengine wanataka kampuni yenye mashine na uzoefu, hata kama inatoka mbali. Nimeyasikiliza mabishano haya kanisani, sokoni na penye maji, na ndiyo yaliyonisukuma kuomba toleo zima la jarida letu juu ya makazi ya watu waliokimbia makwao. Nasema mapema kinachonikera: tunagombania siku ya kujenga, wala sijamsikia mtu akigombania siku ya kukarabati.

Msimu wa mvua uliopita niliingia katika hangari moja ya mapokezi, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa msaada zikakabidhiwa kwa hotuba na picha. Ilikuwa saa sita mchana, jua limetoka baada ya mvua, na sakafuni kulikuwa na nukta za mwanga kama punje za mtama zilizomwagika. Kila nukta ilikuwa tundu la msumari. Bati lilikuwa jembamba, upepo wa Ziwa Tanganyika ulikuwa umelitikisa hadi misumari ikalegea, na kutu ikaanzia hapo hapo. Mama mmoja alikuwa amezipanga sufuria zake kwa kufuata nukta zile, maana alishajua tundu lipi linadondosha na lipi linamimina. Kando yake fundi aliyekimbia kutoka Milima ya Juu (Hauts-Plateaux) alikuwa akikata vidude vya mviringo kutoka kandambili kuukuu, vya kuvisha msumari chini ya kofia yake maji yasipenye. Vidude alikuwa navyo vya kutosha. Alichokosa ni ngazi na kilo mbili za misumari.

Kilo mbili! Nilizunguka siku tatu kutafuta ni nani mwenye dhamana ya kuzinunua. Waliojenga walikuwa wameshafunga mradi na kuhesabu kazi yao kuwa imekwisha siku ya makabidhiano. Waliokabidhiwa waliniambia jengo ni la wafadhili. Kamati ya wakimbizi wenyewe haikuwa na hata faranga moja. Karatasi ya makabidhiano niliisoma yote: inataja urefu, upana, idadi ya milango na jina la aliyetia sahihi. Neno matengenezo halimo.

Hapo ndipo ninapotaka tubishane. Katiba yetu ya Kongo, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya makazi yenye heshima. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 imeipa miji, komuni, sekta na usultani utu wa kisheria, pamoja na baraza la kupitisha bajeti na kuwahoji watendaji. Wilaya ya Fizi yenyewe haimo katika orodha hiyo, kwa kuwa ni tawi la serikali kuu. Walio na haki ya bajeti yao ni sekta zake, Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja, na mji wa Baraka pamoja na komuni zake. Sheria ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya zabuni za serikali inawahusu wote hao. Kwa hiyo anayesema hakuna njia ya kisheria ya kuandika mkataba wa matengenezo Baraka hajasoma.

Tunachokosa ni baraza. Desemba 2023 tulipanga foleni kupiga kura, lakini madiwani wa komuni walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Kwa jimbo letu la Kivu Kusini maana yake ni Bukavu, yaani Ibanda, Kadutu na Bagira. Baraka haikuchagua diwani hata mmoja, na sekta zetu nne vilevile. Februari 2025 Bukavu ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na hivyo mji pekee wa jimbo uliokuwa umechagua madiwani ukatoka katika mamlaka ya serikali. Huku kwetu meya ameteuliwa, wasaidizi wake wameteuliwa, na bajeti haipiti mbele ya mtu yeyote aliyetumwa na mtaa wake kuuliza hangari ile inavuja kwa nini. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma nchini Tanzania, ambako wafanyabiashara wetu wengi hulala, mwananchi akikereka na paa la zahanati anajua jina la diwani wake na nyumba anayokaa. Sisemi kwao kila paa ni zima. Nasema wanajua mlango wa kubisha.

Watanijibu kwamba fedha hazipo, na jibu hilo lina uzito. Katiba imeweka asilimia 40 ya mapato ya taifa kwa majimbo, na sheria ya 2008 inaipa miji, komuni na sekta asilimia 40 ya fungu hilo. Kinachofika huku hufika kwa kuchelewa, pungufu, au hakifiki. Hata hivyo soko la Baraka linalipa kodi kila siku, bandari inalipa, pikipiki zinalipa. Ninachokidai ni mstari mmoja katika bajeti ya mji, wenye jina la matengenezo ya majengo ya mapokezi, wenye kiasi hata kikiwa kidogo, ubandikwe ukutani kwenye ofisi ya kila komuni. Na kila shirika linalotaka kiwanja liandike katika mkataba wake, kabla tofali halijapangwa, nani atapanda juu ya paa mwaka wa pili na atalipwa na nani. Kazi hiyo wapewe mafundi wa hapa, kwa mikataba midogo ya msimu. Wanaotetea mtoto wa nyumbani wangeanzia hapo, kwa sababu kampuni ya mbali haiwezi kuja kupigilia bati moja.

Mmoja wa waandishi wetu hakubaliani nami, na makala yake imefungua toleo hili. Anaamini salongo, yaani kazi ya pamoja ya wananchi, na kamati za wakimbizi zinatosha, na anakumbusha kwamba lubunga, banda la mikutano la Wabembe, liliezekwa na walioketi ndani yake, bila zabuni. Ninaheshimu kumbukumbu hiyo. Lakini nyasi za lubunga zilikatwa bure mlimani, na bati linauzwa. Salongo inazibua mfereji vizuri sana, ila mtu aliyekimbia na mtoto mgongoni hatuwezi kumwomba achange pesa ya paa la serikali.

Makala ya pili inaeleza safari ya wakimbizi wa Burundi kutoka Lusenda, kambi iliyofunguliwa 2015, hadi makazi ya Mulongwe, na inafaa kusomwa polepole. Mwalimu mmoja ameandika juu ya madarasa yanayogeuka mabweni na madawati yanayogeuka kuni. Kuna pia ukurasa wa mafuriko ya 2024, ziwa lilipopanda na kula nyumba za kando ya maji.

Makala ya mwisho ningependa isomwe na kila anayetia sahihi kandarasi, kwa sababu inahesabu kitu tusichokihesabu. Watu wengi waliokimbilia hapa kwetu hawalali katika hangari wala chini ya bashi (turubai). Wanalala katika nyumba za watu. Ndivyo ilivyokuwa kwa waliokimbia vita vya Milima ya Juu, ndivyo ilivyokuwa Desemba 2025 watu wa Uvira walipoteremka kando ya ziwa kuja kwetu. Bashi ya kawaida ya msaada ina mita 4 kwa 5, na jua la huku huichakaza upesi. Nyumba ya potopoto (udongo) ya familia inayopokea wageni inabeba watu mara mbili ya waliokusudiwa, shimo la choo linajaa mapema, nguzo zinaliwa na mchwa, na ukuta wa upande wa mvua unabomoka. Hakuna kandarasi inayoigusa nyumba hiyo, kwa sababu katika karatasi siyo makazi ya wakimbizi. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wakimbizi nao. Walishukia bandari ya Baraka kutoka Kigoma tangu 2005, wakakuta viwanja vyao ni vichaka, wakajenga upya kwa mikono yao. Wanajua mlango uliofungwa unavyomuuma mtu, ndiyo maana wao hawakuufunga.

Nimeomba ofisi za komuni zitupatie nakala za mikataba ya makabidhiano ya miaka ya karibuni ili tuzichapishe kama zilivyo. Fundi yule wa kandambili nilirudi kumtafuta wiki iliyopita. Misumari alikuwa ameipata: jirani mmoja, mwenye nyumba ya potopoto inayolaza familia mbili za wageni, aliing'oa kutoka kwenye mlango wake mbovu akaja nayo mkononi. Bado anatafuta ngazi.