Kabla ya Kununua Tikiti, Uliza Maji

Mpendwa mama, je, umewahi kurudi likizo ukiwa umechoka kuliko ulivyoondoka? Mimi yamenikuta. Mwaka juzi tulikwenda pwani kwa siku sita, mimi, mume wangu na watoto wetu watatu. Fedha tulizidunduliza mwaka mzima. Niliandaa nguo, dawa, mchele na hata chumvi. Kitu kimoja sikuuliza: maji. Bomba la nyumba tuliyopanga lilikuwa kavu. Siku zote sita nilichota maji kwa jirani, nikapika, nikafua na kuogesha mtoto mdogo. Usiku wa mwisho binti yetu, wakati huo darasa la tatu, akaniuliza, "Mama, na wewe likizo yako itakuwa lini?" Nilicheka mbele yake. Taa ilipozimwa nililia.

Mume wangu alisikia, ingawa usiku ule hakusema neno. Mwaka huu tunatimiza miaka 15 ya ndoa, na ni yeye aliyeanza: "Safari hii tuipange wote wawili." Tumechagua kwenda Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Komoro, yapata kilometa 700 kutoka Dar es Salaam. Ada za shule tumeziweka kando kwanza, ndipo tukakaa mezani na kalamu. Napenda kukushirikisha tuliyojifunza, huenda na wewe yakakufaa.

Kwanza, maji. Ngazija ni kisiwa kilichotokana na volkano. Mvua hunyesha nyingi, lakini mawe yake yana matundu kama sifongo, hivyo maji huzama ardhini na hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Vijiji vingi huishi kwa maji ya mvua yanayokingwa kwenye matangi ya saruji. Sasa fikiri, mama mwenzangu: mgeni anayeoga mara tatu kwa siku anamaliza akiba ya mwenyeji wake. Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa mwenye nyumba ya wageni halikuwa bei. Tuliuliza: maji yanatoka wapi, yanatosha watu watano, na ya kunywa yanachemshwa? Umeme nao hukatika, basi tochi ni lazima.

Pili, wakati. Mvua na joto kali ni kuanzia Novemba hadi Aprili, na ndio msimu wa vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipiga kisiwa hicho Aprili 2019. Miezi ya Mei hadi Oktoba ni mikavu na ina ubaridi kidogo. Hata hivyo, Julai na Agosti Wakomoro wengi wanaoishi Ufaransa hurudi nyumbani kwa ajili ya harusi kubwa za kimila, na ndege na vyumba hujaa. Sisi tumechagua Juni, shule zikiwa zimefungwa. Tazama pia kalenda ya Ramadhani, kwa maana kila mwaka mfungo hurudi nyuma siku 10 au 11. Ukiwa huko wakati wa mfungo, si adabu kula barabarani mchana.

Tatu, mlima. Katikati ya kisiwa upo Karthala, mlima wa volkano hai wenye urefu wa mita 2,361. Si mlima wa mapambo. Mwaka 2005, Aprili na tena Novemba, ulitoa majivu yaliyochafua maji ya matangi katika vijiji vingi. Watu wenye nguvu huupanda wakiwa na kiongozi, na wengi hulala njiani. Mume wangu alitamani sana. Tukiwa na mtoto wa miaka minne, tumekubaliana tutautazama kutoka chini. Kabla ya kuondoka tutauliza habari za mlima kama vile mtu anavyouliza hali ya bahari kabla ya kupanda mashua.

Watoto hawatakosa la kuona. Kaskazini, kule Mitsamiouli, kuna mchanga mweupe. Chomoni, upande wa mashariki, mawe meusi ya volkano yamekutana na mchanga mweupe. Mawe hayo hukata miguu, hivyo kila mtoto awe na viatu vya kuingilia majini. Iconi, karibu na mji mkuu Moroni, lipo genge ambalo wenyeji wanasimulia kwamba zamani wanawake walijirusha kutoka juu yake kuliko kuchukuliwa utumwani na wavamizi kutoka Madagaska. Binti yetu nitamsimulia habari hiyo tukiwa pale pale.

Nne, adabu ya mgeni. Karibu wenyeji wote ni Waislamu. Kanga na gauni refu vitakupa heshima kuliko suruali fupi ya ufukweni. Sheria ya nchi hairuhusu kuwahubiria watu dini nyingine, basi vijitabu vyetu vibaki nyumbani. Tutasali wenyewe chumbani, na mwenendo wetu mwema utatosha. Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, ingawa itakuchekesha: kwao "marahaba" maana yake ni asante.

Tano, afya na fedha. Malaria ipo. Nenda kituo cha afya mapema uulize dawa ya kinga, na beba vyandarua pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Masharti ya viza uliza ubalozini, usitegemee maneno ya jirani. Fedha yao ni faranga ya Komoro, ambayo thamani yake imefungwa na yuro. Kadi za benki hazikubaliwi mahali pengi, kwa hiyo beba yuro taslimu, na usiziweke zote katika mkoba mmoja.

Sasa nikuambie palipotushinda kwa muda. Mume wangu alitaka tupange nyumba yenye jiko, kwa kuwa ni nafuu na tungekaa siku nane. Mimi nilitaka nyumba ya wageni inayopika. Akasema, "Lakini wewe unapika vizuri kuliko wao." Zamani ningenyamaza, kisha ninune wiki nzima. Safari hii nilimkumbusha swali la binti yetu. Alikaa kimya kitambo, akachukua kalamu na kupiga hesabu upya. Fedha zile zile zinatosha siku tano kwenye nyumba inayopika. Tumechagua tano. Kisha akaandika kwa mkono wake: nguo za watoto atafua yeye na kijana wetu mkubwa, na siku ya tatu mama haulizwi chochote mpaka jua litue.

Mama, wengi wetu huwalaumu waume kwa jambo ambalo hatujawahi kulitamka. Mwenzako hawezi kusoma uchovu wako usoni kila siku. Hata kama safari yenu ni ya kwenda kijijini kwa bibi kwa basi, kaeni wawili kabla ya kutoa shilingi moja. Andikeni nani atachota maji, nani atapika, nani ataamka mtoto akilia. Waswahili walisema mipango si matumizi, nao hawakukosea. Jina lako na liwemo katika mipango hiyo tangu mstari wa kwanza.

Karatasi yetu nimeibandika jikoni. Tikiti tutanunua mwisho wa mwezi.