Gari Lenye Kutu: Tulitengeneze au Tuliuze?

BWANA SHAMBA ANASEMA

 

Mwezi huu sizungumzi juu ya mahindi wala kahawa. Nazungumza juu ya gari bovu. Huenda utacheka na kusema, "Bwana Shamba amekuwa fundi tangu lini?" Mimi si fundi. Lakini mazao hayatembei yenyewe kwenda sokoni. Tena, pesa ya mbolea ikiliwa na gari, shamba halipati kitu. Kwa hiyo habari ya gari ni habari ya shamba pia.

Katika kijiji kimoja wilayani Mbozi kuna kikundi cha wakulima 12. Walikuwa na Land Rover pikapu ya zamani. Ilibeba mahindi kwenda Mlowo na kurudi na mbolea. Ilibeba samadi. Usiku ilibeba wagonjwa.

Mwaka 2022 waliona kutu chini ya milango na kwenye sakafu ya dereva. Wakaniuliza, "Bwana Shamba, tufanye nini?" Nikalitazama gari nikiwa nimesimama. Nikasema, "Zibeni matundu, pigeni rangi, litadumu." Wakatumia shilingi 1,200,000. Gari likang'aa. Sote tukafurahi.

Nilikosea. Sikulala chini nikatazama mifupa ya gari.

Mwaka 2024, wakati wa mavuno, gari lilikuwa likiteremka mlima na magunia 15. Kijana mmoja alikuwa amekaa juu ya magunia. Dereva akakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Paipu ya breki ilikuwa imeliwa na kutu, ikapasuka. Dereva alikuwa hodari. Akaliegemeza gari kwenye kingo za barabara mpaka likasimama. Hakufa mtu, lakini yule kijana alivunjika mkono.

Siku ile nilijifunza kwamba rangi nzuri si dawa ya kutu.

KUTU NI NINI?

Chuma kikikutana na maji na hewa hupata kutu. Liache jembe nje wakati wa masika, utaona. Kutu haishiki vizuri juu ya chuma. Humomonyoka, na chuma kilichokuwa ndani hubaki wazi. Nacho huliwa. Hivyo hivyo mpaka chuma kinakwisha.

Chumvi huongeza kasi ya kutu. Wenzetu wa pwani wanajua jambo hili. Lakini sisi wa bara tunayo chumvi yetu: mbolea za viwandani, kama SA na CAN, ni chumvi. Huvuta unyevu wa hewani na kula chuma. Samadi mbichi nayo huharibu. Ukibeba mbolea leo, usipoliosha gari, umeipanda kutu.

Land Rover za zamani zina jambo la kuwadanganya watu. Zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Wakati huo, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa haba huko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa alumini, jamii moja na sufuria zetu. Alumini haipati kutu nyekundu. Basi mtu huona mabati ya nje ni mazima, akadhani gari ni zima. Lakini chesisi ni ya chuma. Ukuta ulio kati ya injini na dereva nao ni wa chuma. Hapo ndipo kutu hukaa.

Chesisi ni vile vyuma viwili virefu vilivyo chini ya gari. Ndiyo uti wa mgongo wake. Ndani ina uwazi, na matope huingia humo yakakaa. Kutu huila kutoka ndani, kama mchwa anavyokula nguzo ya nyumba. Kwa nje nguzo inaonekana nzima. Igonge, utasikia iko tupu.

TULIVYOLIPIMA GARI

Baada ya ajali ile tulimwita fundi. Kwanza alipanga magogo imara chini ya gari. Hakulitegemea jeki peke yake, maana jeki huweza kuteleza ikaua mtu.

Kisha akachukua nyundo ndogo, akaigonga chesisi toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kilitoa mlio mkali. Kilichooza kilitoa mlio mzito, na magamba ya kutu yakaanguka. Akachukua bisibisi, akasukuma karibu na maungio ya springi za nyuma. Bisibisi ikaingia yote.

Fundi akaniambia, "Bwana Shamba, tia kidole chako hapa." Nikatia. Niliona haya.

Akatuandikia hesabu hii:

Kuchomelea chesisi: shilingi 2,600,000.
Sakafu na ukuta wa mbele: shilingi 900,000.
Paipu za breki: shilingi 350,000.
Springi na bushi: shilingi 450,000.
Jumla: shilingi 4,300,000.

Nikamwuliza, "Fundi, tukitoa fedha hizi, gari litadumu muda gani?" Akajibu, "Miaka miwili. Kutu imo ndani ya chesisi nzima. Nikiziba hapa, itatokea pale."

MKUTANO WA KIKUNDI

Kikundi kikakutana chini ya mwembe. Mzee mmoja akasema, "Tumekwisha tia shilingi 1,200,000 katika gari hili. Tukiliacha, fedha zile zitapotea."

Nikamjibu, "Mzee wangu, fedha zile zimekwisha potea, na kosa ni langu. Lakini shamba lililokauka hatulipalilii kwa sababu tu mbegu tuliinunua ghali. Tuhesabu fedha tutakazotoa kuanzia leo."

Mama mmoja akainuka. Alisema kwa uchungu, "Gari hili lilinipeleka hospitali ya Vwawa usiku wa mvua. Mwanangu akazaliwa salama. Leo mnataka kuliuza kwa kilo?"

Watu wakanyamaza. Kisha yule mzee akasema taratibu, "Binti yangu, gari lililokuokoa lilikuwa na breki. Hili la leo halina."

Ndipo tukafungua daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Shilingi 4,300,000 kwa miaka miwili ni shilingi 2,150,000 kwa mwaka. Gari lilikuwa likibeba mizigo ya watu wengine na kuleta faida ya shilingi 700,000 kwa mwaka. Tukiitoa faida hiyo, unabaki mzigo wa shilingi 1,450,000. Na hapo dizeli ya kubebea mizigo ya kikundi haijahesabiwa.

Je, tukikodi gari? Kikundi hubeba magunia 180 ya mahindi na mifuko 60 ya mbolea kwa mwaka. Jumla ni mizigo 240. Kila mmoja ni shilingi 4,000. Jumla ni shilingi 960,000.

Hesabu ilisema yenyewe. Wakakubaliana kuliacha gari.

HAWAKULIUZA KWA PUPA

Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa ametoa bei ya shilingi 900,000 kwa gari zima. Fundi akawashauri walifungue kwanza, maana vipuri vya Land Rover bado vinatafutwa. Injini, giaboksi na ekseli ya mbele vikauzwa shilingi 3,000,000. Milango na mabati ya alumini, shilingi 650,000. Chesisi na chuma kilichobaki, shilingi 250,000. Jumla ni shilingi 3,900,000. Bei hizi ni za kwetu. Kwenu zaweza kuwa nyingine.

Ekseli ya nyuma na magurudumu yake hawakuuza. Fundi aliyafanya tela la ng'ombe. Sasa linabeba samadi kwenda mashambani.

Wakati wa kulifungua gari, walikinga oili na maji ya breki katika madebe. Hawakumwaga mtoni wala shambani. Betri waliiuza nzima bila kuipasua, kwa sababu ndani yake mna tindikali na risasi, vitu vyenye sumu.

SI KILA GARI LENYE KUTU LITUPWE

Ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Mwalimu mmoja mstaafu wa kijiji hicho hicho ana pikapu ya zamani. Milango na sakafu ya nyuma vilikuwa na matundu. Fundi akaigonga chesisi, ikalia vizuri pande zote. Injini ilikuwa nzima. Basi alikata sehemu zilizooza na kuchomelea bati jipya. Hakuziba matundu kwa puti, kwa sababu puti huficha kutu tu. Kisha akasugua kwa brashi ya waya, akapaka rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya kawaida. Gari lile linafanya kazi mpaka leo. Usilitupe jembe kwa sababu ya mpini.

SHIKA MAMBO HAYA

1. Tazama chesisi kwanza, rangi baadaye. Kutu ikiwa katika milango, ni ugonjwa wa ngozi. Ikiwa katika chesisi nzima, ni ugonjwa wa mifupa.

2. Kagua paipu za breki, maungio ya springi na usukani. Kimoja kikiwa kimeoza, gari lisitoke mpaka kitengenezwe, hata kama mavuno yanangoja.

3. Mwulize fundi maswali mawili: itagharimu kiasi gani, na itadumu muda gani? Jibu moja bila la pili halitoshi.

4. Andika hesabu. Linganisha na bei ya kukodi. Usihesabu fedha ulizokwisha tumia.

5. Ukinunua gari kuukuu, chukua sumaku. Mahali pa chuma ambapo sumaku haishiki, huenda pamejazwa puti. Lakini kumbuka kwamba sumaku haishiki alumini.

6. Kabla ya kuchomelea, tenga betri na ondoa tangi la mafuta. Hata tangi tupu huweza kulipuka kwa sababu ya mvuke wa mafuta.

7. Tandika turubai kabla ya kupakia mbolea au samadi. Ukimaliza, osha gari mpaka chini. Zibua matundu ya chesisi ili maji na matope yatoke. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

8. Watu wasikae juu ya mizigo.

Yule kijana mkono wake umepona, na mwaka huu alipalilia kama wenzake. Kila ninapomwona nakumbuka nilivyolipima gari kwa macho nikiwa nimesimama. Ndugu msomaji, ukiulizwa ushauri, lala chini utazame.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini rangi mpya haikulisaidia gari la kikundi?
2. Yule mama alisema kweli au hakusema kweli? Eleza.
3. Pigeni hesabu ya chombo kimoja cha kijiji chenu: gari, mashine au pampu. Kitengenezwe au kiuzwe?

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi mbolea ghalani isiharibike kwa unyevu. Kazi njema.