Class 93: Imekuzidi umri na bado inavuta

Ukipanda treni ya asubuhi kuingia jijini Nairobi, huenda unavutwa na injini iliyokuzidi umri. Hiyo ni Class 93, iliyoundwa na General Electric ya Marekani na kuletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na nguvu za farasi 2,600.

Siri yake? Dizeli haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inaendesha jenereta, na umeme wake ndio unaozungusha mota zilizo kwenye ekseli. Mota moja ikiungua, fundi anaitoa na kufunga nyingine, safari inaendelea.

SGR ilipozinduliwa 2017, wengi walidhani reli ya zamani imekwisha. Wapi! Treni ya Nanyuki ilirudi 2020, ya Kisumu 2021, zote kwenye reli ile ile ya upana wa mita moja.

Kwa hivyo ukiahidiwa treni mpya, uliza: spea zitatoka wapi, na nani atazirekebisha? Mashine hudumu palipo na fundi. Fundi huyo anaweza kuwa wewe, mradi ufunzwe kabla wazee wa karakana hawajastaafu.